Jina Ambalo Shosho Hakulitaja

Kila mwaka somo linapofika mahali pale, mimi huchora mstari mmoja katikati ya ubao. Kushoto naandika Watu wa Msituni, waliopigana na serikali ya Wazungu. Kulia naandika Walinzi, wenzao wa vijiji vile vile walioilinda serikali hiyo. Chini ya kila upande naandika Nguvu, halafu Udhaifu, na darasa zima linainama na kuanza kunakili kabla sijafungua mdomo, maana wanajua swali hili hupenda kuja kwenye mtihani. Nafundisha historia katika shule ya upili si mbali na Karatina. Nimechora mstari ule miaka mingi sasa, na bado mkono huwa mzito.

Upande wa kushoto hujaa upesi. Walijua msitu, walikuwa na kiapo, akina mama waliwapelekea chakula. Udhaifu nao si kazi kuutaja: bunduki za kujitengenezea, baridi, njaa, magonjwa bila dawa, na wakuu wao kutoelewana. Upande wa kulia, nguvu zao zinatajwa na kila mtu kwa pamoja. Bunduki za serikali. Mshahara. Kambi zenye mahandaki na miti iliyochongwa ncha. Nikifika kwenye udhaifu wa walinzi, darasa linanyamaza. Mwaka huu mvulana mmoja wa nyuma alisema, "Mwalimu, hao hawakuwa na udhaifu. Si ndio walipata mashamba?" Wenzake wakacheka, nami nikacheka kidogo, kwa sababu alichosema kina ukweli mwingi kuliko kitabu chetu.

Kisha msichana mmoja akainua mkono. "Mwalimu, na nyinyi kwenu mlikuwa side gani?"

"Zote mbili," nikamjibu.

Wakadhani nafanya mzaha.

Baba yake baba yangu aliingia msitu wa Nyandarua akiwa kijana, akamwacha mkewe na mtoto mchanga mgongoni. Hakutoka. Hatuna kaburi lake, wala hatujui mfupa wake uko upande gani wa mlima. Baba yake mama yangu alifunga mkononi kitambaa cha walinzi wa serikali, wale ambao mpaka leo watu wa kwetu huwaita ngati, na hilo si neno la kumtamkia mtu mkiwa mezani. Wazungu walikuwa na vita vyao na sisi, hilo nalifundisha vizuri tu. Lakini vita vilivyoingia jikoni vilikuwa vya sisi kwa sisi.

Wazee hawa wawili walikuwa wa kijito kimoja, mmoja mteremko huu, mwingine mteremko ule. Tena walikuwa rika. Walitahiriwa asubuhi moja, katika baridi ya mto ule ule, wakauguzwa pamoja. Kwa desturi yetu watu wa rika moja hukaribiana kushinda hata ndugu wa tumbo. Ukimkuta mwenzako ana njaa unampa ulichoshika mkononi, na humuulizi ametoka wapi.

Miaka ikapita. Yule mtoto mchanga wa mgongoni akakua, akawa baba yangu, na kati ya wasichana wote wa Nyeri akampenda binti wa ngati wa ng'ambo ya kijito. Shosho, mama yake, hakuenda kwenye mazungumzo ya mahari. Alisema mguu unamuuma. Siku iliyofuata mguu ulikuwa umepona, akaenda kulima.

Hakuwazuia kuoana. Nafikiri alijua angeshindwa. Na baba, ambaye alikuwa mtu mpole kupita kiasi, aliamini kwamba watoto wakizaliwa mambo yatajinyoosha yenyewe. Alisahau jambo moja tu, au alilijua akajitia hamnazo: watoto wakizaliwa wanapewa majina.

Kwetu jina la mtoto halitafutwi, linajulikana kabla mimba haijatungwa. Mvulana wa kwanza ni baba ya baba yake. Wa pili ni baba ya mama yake. Wala hachukui jina tu. Anarudi yule mtu mwenyewe, na watu humtendea hivyo. Kaka yangu alipozaliwa, Shosho alimshika, akamtemea mate ya baraka kifuani, akamwita mume wangu. Tangu siku hiyo mumewe alikuwa ametoka msituni. Alimtunzia ndizi mbivu, akamgombeza kwa kuchelewa kurudi nyumbani, akamuuliza kila jioni, hata kama walikuwa wametoka kula pamoja, "Umekula?"

Halafu nikazaliwa mimi. Ningezaliwa msichana ningekuwa Shosho mwenyewe, maana msichana wa kwanza ni mama ya baba yake, na nisingekuwa na la kuandika hapa. Nilizaliwa mvulana wa pili. Mama alimwomba baba wanipe jina jingine, watafute hata la mjomba. Baba akakataa. Desturi ni desturi, alisema, na mkwe wake alikuwa hai, angeona aibu mbele ya watu. Basi nikaingia katika nyumba ile nikiwa ngati.

Shosho hakunionea. Nataka hilo lieleweke. Alinibeba, alinipangusa kamasi, alinichapa nilipostahili. Ila hakuwahi kuniita jina. Nina la ubatizo pia, lakini hilo alilidharau kwa wajukuu wote, alisema ni la kanisa, likae kanisani. Mimi nilikuwa "kale kengine". Kale kengine kamekula? Mwiteni kale kengine kalete kuni. Nilipoota ndevu nikapandishwa cheo, nikawa "yule mwingine".

Ng'ambo ya kijito mambo yalikuwa kinyume. Huko nilikuwa mume wa mtu. Mke wa Guka, ndivyo tulivyomwita babu yangu yule ngati, alinikalisha kwenye kiti chenye mto na kunimiminia chai ya maziwa matupu, huku kaka yangu akipewa kikombe cha kawaida na kuambiwa akae popote. Nyumba yao ilikuwa ya mawe. Baada ya vita mashamba yalipimwa upya, na waliokuwa na bunduki walisimama karibu sana na waliokuwa na kamba ya kupimia. Shamba lao ni tambarare, liko kando ya barabara. Letu ni lile ambalo kabichi ikikuponyoka unaifuata mtoni.

Kwa hiyo nilikua nikivuka kijito, mume upande mmoja, mwingine upande wa pili. Ungedhani chai ya maziwa ingenitosha. Haikunitosha hata kidogo. Nilichotaka ni Shosho aniite jina langu. Mara moja tu, hata kwa hasira. Nilimchotea maji, nilimsomea Biblia, nilikuwa wa kwanza kufika akiita mtu yeyote. Nilipoajiriwa, nilimnunulia blanketi zito katika soko la Karatina, nikalibeba begani mpaka nyumbani kama mwana aliyeshinda vita. Alilipapasa, akalinusa, akajifunika magoti. Kisha akamgeukia mama. "Mwambie yule mwingine blanketi ni mzuri."

Nilikuwa nimekaa pale pale, goti langu likigusa lake.

Kwa nini? Nilidhani najua. Mumewe alikufa upande ule, Guka alikuwa upande huu, basi. Niliweka jambo lile kwenye ubao wangu wa kichwani, kushoto na kulia, nikaridhika na jibu la darasani. Guka ndiye aliyenifunua macho, na sikumshukuru.

Alikuwa mzee sana siku hiyo, tumekaa barazani kwake tukimenya mizizi ya nduma. Alikuwa ameanza kuzungumza nami kwa namna ya ajabu, kama anayejisemesha. Akasema, "Wewe ni mimi. Hii maneno siwezi kuambia mwingine, lakini wewe ni mimi."

Akanieleza habari za handaki. Nalijua handaki, kila mtu wa kwetu analijua. Liko mpaka leo kando ya msitu, limejaa majani na mikaratusi, mbuzi wanashuka humo kula. Serikali iliamuru lichimbwe ili wanavijiji wasiwapelekee chakula waliomo msituni. Waliolichimba ni akina mama, wake wa wale wale waliokuwa ndani. Walishinda humo na majembe, watoto mgongoni, na walinzi wakawasimamia juu ya ukingo. Shosho alikuwa mmoja wa wachimbaji. Guka alikuwa mmoja wa wasimamizi.

"Nikaona mtoto wake amekaa juu sana," Guka akasema. "Mtoto akibebwa hivyo, kuna kitu chini yake. Nikamwambia amshushe."

Chini ya mtoto kulikuwa na viazi vitamu vilivyochemshwa, bado vina moto. Baba yangu alikuwa amekalia chakula cha baba yake. Guka alijua vinaenda kwa nani. Alimjua huyo mtu tangu wakichunga mbuzi pamoja.

"Ukafanya nini?" nikamuuliza.

"Nikamwambia amwage ndani ya shimo. Nikamwambia afukie na jembe lake."

"Na akafukia?"

"Akafukia." Kisu kilikuwa kimesimama kwenye nduma. "Kulikuwa na wengine nyuma yangu. Walikuwa wananiangalia kuliko walivyomwangalia yeye. Ningeachilia, ni mimi ningefukiwa. Na hao wa msitu walikuwa wamekuja kwetu, wakaita baba yangu mlangoni, wakamkata hapo mlangoni. Hiyo pia uandike kwa hizo vitabu zako."

Nilirudi nyumbani nimekasirika na nisijue nimkasirikie nani. Nilimchukia Guka kwa wiki kadhaa, kisha nikamhurumia, kisha nikamchukia tena. Baba yake aliuawa mlangoni na hilo ni kweli. Shosho alifukia chakula cha mumewe kwa mikono yake, na hilo pia ni kweli, na hakuna mstari wa chaki unaoweza kukaa kati ya kweli hizo mbili. Hapo ndipo nilipoujua udhaifu wa walinzi, ule ambao darasa hunyamaza ukiulizwa. Mlinzi alikuwa na bunduki mkononi, na daima kulikuwa na bunduki nyingine nyuma ya mgongo wake. Wa msituni alikuwa na njaa, lakini hakuna aliyemlazimisha kumnyima rika lake chakula. Silifundishi hilo. Haliko katika majibu yanayotolewa alama.

Guka alikufa, akazikwa kwa heshima, na watu wengi walimsifu. Shosho hakwenda kumzika. Mguu tena. Baba naye akafuata baadaye, kwa ugonjwa wa moyo, bila kujua alikuwa amekalia nini siku ile. Sikumwambia. Mtu mpole kama yule ungemwambia ili iweje?

Mwaka jana Shosho alianza kwenda na kurudi. Ndivyo tulivyosema nyumbani, maana asubuhi alikuwa nasi na mchana alikuwa kwingine, miaka mingi nyuma. Mama, ambaye magoti yake yameisha, ndiye aliyemwogesha na kumlisha, yeye binti wa ngati, bila kulalamika. Mimi nilikuja kila mwisho wa wiki. Kaka yuko Qatar, anaendesha malori, na kazi yangu mojawapo ilikuwa kumpigia simu ya picha na kuishika mbele ya uso wa Shosho.

Hapo alikuwa akichangamka kama msichana. "Mume wangu. Umekula?"

"Nimekula, Shosho. Wali na kuku."

"Huko si kuna baridi?"

"Hakuna baridi, Shosho. Ni jua tu, mpaka lami inanata."

Hakumwamini. Alimwambia avae koti. Alimwambia asilale kwenye unyevu. Kaka alikuwa akicheka na kuahidi, na machozi yakimlengalenga, naye hajui ahadi hizo anapewa nani. Mimi nilikuwa mkono ulioshika simu. Mkono ukichoka na simu ikayumba, Shosho alikuwa akisema bila kunitazama, "Yule mwingine anatikisa."

Nakiri kwamba hata wakati huo, mtu mzima mwenye mvi na watoto wa sekondari, bado nilikuwa nangoja. Mama alinijua. Siku moja akiwa anakoroga uji aliniambia, "Usingoje, utaumia." Nikamjibu kwamba singoji chochote. Akaendelea kukoroga.

Ilikuwa mwezi wa saba, ile baridi yetu ya ukungu usioinuka hata mchana. Nilifika Jumamosi baada ya chakula cha mchana, nimevaa koti refu la mvua ninalovaa nikiwa zamu shuleni, la rangi ya majani makavu. Mama alikuwa amechemsha viazi vitamu kwa sababu ndivyo pekee Shosho alivyokuwa bado akikubali kula, vikipondwa. Akanipa sahani nimpelekee. Sikufikiri lolote. Nikasukuma mlango wa chumba chake nikasimama pale, na nadhani niliziba mwanga wote.

Shosho alikuwa ameketi kitandani. Sijui alipata wapi nguvu. Aliniona na uso wake ukabadilika, akavuta lile blanketi la Karatina, akalirundika nyuma ya mgongo wake kwa haraka, kama anayeficha kitu. Kisha akanitazama machoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu, akasema jina langu.

Alilisema lote, kwa sauti ya mwanamke kijana.

Nilisimama na sahani mkononi. Nilikuwa nimelingoja tangu utotoni, na lilipokuja nilijua mara moja kwamba si langu.

Akalirudia. "Usiniangalie hivyo," akasema. "Mtoto amekaa juu kwa sababu amenona. Ni maziwa tu."

Nyuma yangu nilisikia mama amekuja hadi ukumbini na kusimama.

"Unajua iko nini huku nyuma," Shosho akaendelea, na sasa sauti ilikuwa imeshuka. "Unajua, na mimi najua unajua. Mlitahiriwa siku moja na yeye. Mama yako alimpatia uji kwa kibuyu yako. Hajala. Hii mvua yote, hajala." Mikono yake ilikuwa imefumbata blanketi. "Sikuombi kitu kubwa. Geuza uso tu. Hao wako nyuma yako, waambie umeona ndege. Geuza uso, mimi nipite."

Mwalimu wa historia, mtu wa kushoto na kulia. Nilikuwa na maneno ya Guka mdomoni mwangu, na baba yake aliyekatwa mlangoni, na bunduki nyuma ya mgongo. Ningeweza kumwambia kwamba mimi si yule, mimi ni mjukuu wako, ndiye niliyekununulia blanketi hilo. Ningeweza kumwambia mwaka ni upi. Lakini kwa desturi yetu mimi ndiye yule. Hivyo ndivyo alivyoniona siku zote, na mara hii alikuwa ananiomba kitu.

"Pita," nikasema.

Akanitazama kwa shaka. "Na hizi?"

"Pita nazo zote."

Nikageuza uso. Niligeukia ukutani, kwenye kalenda ya zamani ya duka la mbolea, sahani bado mkononi, mvuke wa viazi ukinipanda usoni. Nilisikia kitanda kikilia. Nilisikia pumzi yake, fupi fupi, ya mtu anayepanda kilima na mzigo mgongoni. Mama alikuwa analia ukumbini kimya kimya, nami nilikuwa nalia pia, na sikuthubutu kugeuka kwa sababu nilikuwa nimeahidi.

Pumzi ikatulia polepole. Kisha nikamsikia akisema na mtu ambaye si mimi, kwa sauti niliyokuwa nikiisikia kila ninaposhika simu.

"Umekula?" akasema. "Kaa hapa. Kula, mume wangu, ziko moto bado."

Mimi nilikuwa nimegeukia ukuta.